Mjomba Hasemi Siku ya Kuja

Ibra, Oman
11 Januari 2026

Mpwa wangu Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukishaitika, kaa kitako, maana barua hii ni ndefu na najua mama yako atataka uirudie barazani mbele ya watu.

Mimi mjomba wako Ambrosi ni mzima wa kichwa na wa miguu. Gego la kushoto tu ndilo lililonisumbua, nikalifunga uzi kwenye mlango wa Land Cruiser, nikamwambia Bader, kijana wa nyumba ninayofanyia kazi, aubamize. Likatoka na mimi nacheka. Daktari aliponitazama mdomo akawaita wenzake waje waone. Nipe khabari za dada yangu Perpetua, na goti lake, na yule mbuzi wake mwenye kiburi. Bi Hilda jirani mpe salamu, mwambie sijamsahau wala sijasahau kuwa hupinga kila neno.

Watu huko wanadhani Oman ni joto tu. Njooni Januari. Alfajiri maji ya falaj, ule mfereji unaopita katikati ya mitende, yanatoa moshi kama chungu cha uji. Na mimi saa hiyo nishatoka. Nasimama pale kwenye mitende nasali sala zangu za asubuhi, zote, siruki hata moja. Kanisa hapa Ibra hakuna, liko Maskati, na watu hukusanyika siku ya Ijumaa kwa sababu ya kazi, kwa hivyo Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Nikienda naimba mpaka Wafilipino wanageuka. Nisipokwenda naimba ndani ya gari, vioo nimepandisha, na hata hivyo niliwahi kuimba njia ya Al Qabil mtende ukaangusha tende zikiwa bado kijani.

Kazi yangu sina haja ya kuieleza, maana ni kubwa. Nyumba hii ya Mzee Khalaf haiendi bila ya mie. Magari yako chini yangu, mitende iko chini yangu, ufunguo wa ghala uko kwangu. Bader, mwanawe mkubwa, hafanyi jambo bila kuniuliza. Mzee mwenyewe kapigwa na kiharusi mwaka juzi, mkono na mguu wa kulia havina kazi, lakini hayo ni mambo ya wagonjwa, hayapendezi kwenye barua ya furaha.

Juzi nilitumwa Sur kununua samaki. Nikapata nguru, Skola, sijui nikwambieje. Nilimfunga juu ya gari nikaja naye. Kichwa kinaingia Ibra, mkia bado unawapungia watu wa Al Kamil wal Wafi. Askari wa barabarani alinisimamisha, akamtazama, akanipigia saluti nikapita.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimesikia kijana Dunstani kaleta posa na mmemkubali. Vyema. Marehemu baba yako hayupo, Mungu amlaze pema, lakini mimi nipo. Nitakuja nikushike mkono mlangoni mwa kanisa na kukupeleka mpaka mbele, taratibu, watu waone. Suti nimeshaiona dukani Nizwa, rangi ya zambarau iliyoiva. Nitakuja na halwa ya Nizwa ya kutosha Mbweni nzima na itakayobaki tutazibia nyufa.

Mjomba wako,
Ambrosi Feruzi


Mbweni, Unguja
3 Februari 2026

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako imechelewa, ilikaa kwa yule msafiri uliyempa, Darajani, hata tukaifuata wenyewe. Sisi wazima. Goti la Mama linapanda ngazi za kanisa lakini linakataa ngazi za hospitali. Mbuzi kazaa pacha, kiburi kimeongezeka.

Barua nimeisoma barazani kama ulivyobashiri. Akina mama wa Umoja wa kanisani walikuwepo wote. Nilipofika kwa nguru Mama alisimama akawa anapima kwa kanga kutoka mlangoni mpaka kisimani. Bi Hilda akauliza, "Na gari lenyewe lilikuwa na urefu gani?" Mama akamwambia, "Hilda, hukualikwa kupima, umealikwa kusikiliza."

Mjomba, siku tumeshaipata. Kwaresima hakufungwi ndoa, kwa hivyo ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe 11 Aprili, saa kumi alasiri. Wazee wa Dunstani wanatoka Muheza. Walipokuja kujitambulisha waliuliza nani atamtoa bibi harusi. Mama alijivuta kwenye kiti, ungemuona! Akasema, "Ana mjomba Oman, mkubwa kwenye nyumba ya watu wakubwa. Mtamuona." Wazee wakaitikia kwa kichwa. Mmoja aliuliza mkubwa wa kazi gani. Mama akasema, "Ya kuamrisha."

Basi nami nakuuliza mambo mawili, usinikasirikie. Utakuja lini? Tuandikie siku, Padri anataka tufanye mazoezi ya kuingia kanisani. Na la pili, kazi yako hasa ni ipi? Nafundisha watoto wa chekechea, na mtoto akiwa na maneno mengi huwa namtazama mikono yake anafanya nini.

Mpwa wako akupendaye,
Skolastika


Ibra
25 Februari 2026

Mpwa wangu Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma kwenye kivuli cha gari, nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka akadhani nimepata urithi. Hongera kwa mbuzi. Mwambie Hilda gari lilikuwa na urefu wa kawaida, samaki ndiye hakuwa wa kawaida.

Huku mambo makubwa. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja! Nyumba nzima inafunga na mimi nafunga, kila mtu kwa Mungu anavyomjua, ila wao jua likizama wanakula nyama na harisi, ile bokoboko yetu, mimi nakula mkate, tende na kunde. Nimewashinda wote. Mpishi ananitazama kwa huruma, ananisogezea bakuli la mchuzi, nami nalisukuma kwa kidole kimoja kama mfalme. Ngamia wa jirani, ambaye wanasema hashindwi kwa kuvumilia kiu, aliniona saa tisa mchana nabeba magunia ya mbolea akageuza uso kwa haya.

Jumatano ya Majivu sikuweza kwenda Maskati. Nikachukua jivu la tanuri, nikasema maneno nilivyoyakumbuka, nikajipaka mwenyewe msalaba kwenye paji la uso. Mzee Khalaf akaniona. Akasema, "Ambrosi, una masizi usoni, njoo." Akanifuta kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, polepole, mpaka pakawa safi. Nikamwachia. Jivu lilikuwa limeshaniambia lililotaka kuniambia.

Suti nimelipia nusu, fundi anaiongeza mabega, hakuwahi kukutana na mabega kama haya. Habari ya siku ya kuja, tiketi ni jambo dogo, ndege ziko nyingi kama kunguru. Usinishughulishe na tarehe. Na kazi yangu nimeshakueleza.

Barua hii anakuletea Bader mwenyewe, anakuja Unguja kwa biashara yake ya ndimu kavu. Mpokeeni vizuri. Kiswahili anacho kidogo, kimekatikakatika. Msimuulize mambo mengi, anachoka haraka.

Mjomba wako,
Ambrosi


Mbweni
13 Machi 2026

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima wa mwili. Hii naiandika mwenyewe chumbani, haitasomwa barazani, na Mama hajui yote ninayoandika.

Bader alikuja Jumatatu karibu na magharibi. Mama alijua kafunga, akaanza mapema: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Alitandika ule mkeka wa arusi yake. Kijana akafuturu, akasali kwenye ukumbi, sisi tukangoja jikoni kimya. Kisha akaja kukaa na sisi. Alikuwa na adabu nyingi. Akamshika Mama mkono wake kwa mikono yake miwili, akasema:

"Mama, mimi anataka kushukuru. Ndugu yako, Ambrosi, ni nuru ya nyumba yetu. Baba yangu, tangu alipougua, Kiarabu kimekwenda. Chote. Anasema Kiswahili tu, kile cha zamani. Watoto hawafahamu. Mimi fahamu nusu. Ambrosi fahamu yote. Ambrosi anamlisha, anamgeuza, anamwogesha. Sala tano zote, Ambrosi anamtia udhu."

Mama akauliza, "Anamtia nini?"

Bader akadhani hakusema vizuri. Akashuka kwenye kiti, Mjomba, akakaa chini akaonyesha kwa mikono. "Hivi. Anamimina maji, anamwosha uso, mikono. Anachukua mguu wa baba, anaweka hapa, anaosha. Nilimuuliza sheikh, mtu wa dini nyengine inafaa? Akasema maji ni maji."

Mama alikuwa na sinia la vikombe. Aliliweka chini bila kutoa sauti hata kikombe kimoja. Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akampa na kaimati za njiani, akamwombea safari njema. Aliporudi ndani alikaa kwenye mkeka bila kuwasha taa. Nikamwambia, "Mama." Akasema:

"Babu yetu Feruzi aliletwa hapa Mbweni na misheni, kovu la mnyororo liko shingoni. Alikombolewa. Akajifunza useremala, akachonga milango ya kanisa lile. Hakuinamia mtu tena mpaka anazikwa. Na leo mjukuu wake kapanda ndege kwa hiari yake, akaenda kwao Mwarabu kumwosha miguu. Na kunidanganya mie kuwa anaamrisha!"

Tangu siku hiyo hajataja jina lako. Jana ameniambia: "Mwandikie aache kazi hiyo aje amtoe mtoto, akae kwao. Asipokuja, mimi sina kaka." Wazee wa Muheza wametuma kuuliza jina la mjomba waliandike kwenye kadi. Mama hajajibu.

Mjomba, mie sina baba. Tangu nilipokuwa mdogo nimekuwa nikijiona mlangoni mwa kanisa na wewe pembeni yangu. Sitaki nguru wala halwa. Niambie kweli, utakuja?

Skola


Ibra
23 Machi 2026

Skola mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilitaka kukueleza kwanza sikukuu ya Idi ilivyokuwa, jinsi nilivyochimba shimo la shuwa ambalo wangeweza kumtia ngamia na mwenye ngamia, jinsi nyama ilivyokaa chini ya ardhi siku mbili na ilipotoka jirani wote upepo ulikofika wakaja na sahani. Na mie niliyewasha moto sikuonja hata mfupa, maana Kwaresima yangu haijesha. Watu wakaona nimenuna. Mzee akawaambia kwa Kiswahili, nami nikawafasiria, "Mwacheni, mwezi wake haujaandama." Nilitaka kuyarefusha hayo mpaka karatasi imalizike. Lakini umeniuliza neno moja, tena umeniuliza kama mtoto.

Bader hakukosea hata neno. Nilikuja hapa kuwa dereva. Mzee alipoanguka, alipozinduka hospitali akawa anaita kwa Kiswahili cha Malindi ya mjini Unguja, alikozaliwa. Wanawe wanamjibu kwa Kiarabu, anawatazama kama wageni. Mtu mkubwa yule, aliyekuwa akiamua kesi za maji ya falaj, akawa analia kama amepotea sokoni. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na ufunguo wa gari. Nikasema, "Mzee, unataka nini?" Akanishika mkono hakuuachia. Akasema, "Nataka kusali, na hapana anayenipa maji."

Nikaleta beseni. Udhu sikuujua, Skola. Nilichokijua mie ni Alhamisi Kuu, Padri anavyopiga magoti kuwaosha watu miguu. Basi nikapiga magoti nikaanza na mguu. Akanipigia kelele! "Miguu mwisho, we! Miguu ni mwisho! Nani kakufundisha?" Nikamwambia nimefundishwa kanisani. Pamoja na kiharusi chake alicheka mpaka mate yakamtoka. Kisha akanifundisha mpango, viganja, mdomo, pua, uso, mikono, kichwa, masikio. Leo naweza kumtia udhu sultani na asipate kosa. Hili sitii chumvi.

Sijamhubiria na yeye hajanihubiria. Mie namkumbusha sala zake akisahau, na yeye Ijumaa ananikumbusha, "Hukwenda kwa wenzako leo?"

Sasa la babu Feruzi. Mwambie dada yangu kuwa halikunipita. Siku moja, mwaka jana, namwosha, akaniuliza, "Wewe Unguja wapi hasa?" Nikasema Mbweni. Akasema, "Mbweni ya misheni?" Nikasema ndiyo hiyo. Yeye ni mtu wa zamani, anajua waliokaa Mbweni walikuwa nani na walitoka mikononi mwa nani. Mguu wake ulikuwa kwenye magoti yangu. Akauvuta. Ule ni mguu uliokufa, Skola, haujasogea tangu aanguke, aliuvuta kwa mkono wake wa kushoto, akaufunika nguo. Akasema, "Mie sioshwi na wewe. Babu yangu alikuwa na watu. Sioshwi na wewe."

Maji yalikuwa yanapoa. Nami nikaona kama babu Feruzi kasimama nyuma yangu na randa yake mkononi anangoja nitasema nini. Nikasema, "Lete mguu, mzee, wakati unapita."

Akakataa. Nikasema tena kwa sauti, kama ninavyomwambia mtoto, "Mzee Khalaf, lete mguu!" Akauleta. Akalia, nami nikaosha.

Sasa mwambie dada: mtumwa haamrishi mguu wa bwana wake. Babu alivuliwa minyororo ili mjukuu wake awe na mikono yake mwenyewe, aitie anapotaka. Nimeitia hapa. Bwana Yesu alipojifunga taulo kuwaosha wanafunzi wake hakumuuliza mtu babu yako nani. Hata Yuda alikuwa na miguu, ikaoshwa. Sisemi mzee ni Yuda, mzee ni mtu mwema kunizidi. Nasema taulo halichagui.

Kuhusu kuja. Bader ameninunulia tiketi, ninayo. Akasema, "Nenda, tutajitahidi." Mara ya mwisho nilipolala Maskati kwa ajili ya Krismasi, niliporudi nilimkuta mzee hajala wala hajasali, kageukia ukutani. Namfundisha Taghreed, binti wa Bader, maneno ya Kiswahili ya kumwambia babu yake, lakini bado anasema "babu, mguu yako njoo" na mzee anakasirika. Daktari anasema mzee hana safari ndefu. Mwenyewe alitusikia tukisemezana, akaniambia, "Nenda kamtoe mtoto. Mie n'tatayammamu kwa mchanga. Ibra haina uhaba wa mchanga." Akatabasamu, kisha akajifunika shuka usoni.

Sikukwambia kazi yangu si kwa kuionea haya. Nilimjua dada yangu. Lakini wewe ndiye mwenye harusi. Wewe na mama yako mkisema njoo, nakuja, na nitakushika mkono vizuri, na mtu hatajua kama moyo wangu uko kwengine. Amueni nyinyi.

Mjomba wako,
Ambrosi


Mbweni
Jumamosi Kuu, 4 Aprili 2026

Mjomba,

Shikamoo. Hii naiandika kwa mkono lakini nitaipiga picha niitume kwenye simu ya Bader, maana haiwezi kungoja msafiri.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilimsomea Mama yote, jikoni, mlango tumefunga. Alitoka kwenda kuwapa mbuzi majani, akakaa huko mpaka giza. Mimi nililia, sitakuficha. Nililia kwa sababu nilishajua jibu langu na sikulitaka.

Alhamisi Kuu Mama alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wanaooshwa miguu. Walikaa kwenye viti mbele, viatu wamevua. Padri akaja na beseni na taulo, akaosha huyu, akaosha huyu, kwaya inaimba. Alipofika kwa Mama akapiga magoti akatia mkono chini kuupokea mguu. Mama hakuutoa. Mguu ukabaki ndani ya kanga. Padri akangoja. Kwaya ikamaliza ubeti, haikujua ianze mwengine au inyamaze. Nikamuona Bi Hilda amesimama kabisa ili aone.

Padri akasema chini chini, "Mama Perpetua, mguu."

Mama akasema, na unaijua sauti yake, ilifika mpaka kwenye kengele: "Padri, wewe unafanya hivi mara moja kwa mwaka na sote tumevaa vizuri kuja kukutazama. Ndugu yangu Ambrosi anafanya kila siku, mara tano, Oman, kwa mzee wa Kiislamu aliyepooza, na hapana kwaya. Nataka watu wajue. Ambrosi Feruzi, mjukuu wa Feruzi aliyechonga milango hii."

Ndipo akautoa mguu.

Padri aliuosha. Baada ya Misa watu walimzunguka Mama kama yeye ndiye bibi harusi. Bi Hilda akasema, "Mara tano? Na ya alfajiri pia?" Mama akasema, "Na ya alfajiri, Hilda. Na maji ya baridi yanatoa moshi." Mjomba, amekwisha kuwa kama wewe.

Nimemwomba Mama akwambie mwenyewe. Haya ni maneno yake, nayaandika anavyoyasema:

"Ambrosi. Umenidanganya na n'takukasirikia ukija, lakini usije sasa. Mtoto n'tamtoa mwenyewe, goti litanyooka siku hiyo kwa lazima. Wazee wa Muheza nimewaambia kazi yako bila ya kupunguza. Mmoja aliguna, nikamuuliza kama yeye keshawahi kumwosha mtu mwengine asiyekuwa nafsi yake. Kaa na mzee. Mwambie Taghreed aseme 'lete mguu wako', si 'mguu yako njoo', la sivyo atakataa kuutoa. Pasaka njema."

Na mie, Mjomba, nimeridhika. Si mara moja, lakini nimeridhika. Kwenye kadi tumeandika jina lako.

Skola wako


Ibra
13 Aprili 2026

Bibi harusi wangu,

Kristo amefufuka! Najua umeitika, na mumeo kaitika, na Muheza yote imeitika. Picha nimeziona kwenye simu ya Bader. Dada yangu katembea kama askari wa gwaride. Wewe umependeza mpaka simu ikapata joto, ikabidi tuiweke dirishani ipoe.

Usidhani sisi huku tulikaa bure. Jumamosi saa kumi ya huko, hapa ni saa kumi na moja, nilivaa suti ile ya zambarau. Nikaingia nayo kwa mzee. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umekuwa bilingani." Nikamwambia leo ndiyo harusi ya mwanetu Mbweni. Akataka avalishwe kanzu yake ya sikukuu na kilemba. Tukamkalisha kwenye majlis, chumba cha wageni, Bader na wanawe wakaja, kahawa ikapita, na halwa, na mara hii nyama nilikula, Skola, nilikula mpaka mpishi akaniomba radhi kwa kuniita mtu wa kunde. Mzee akaniuliza jina lako, akalirudia vizuri kuliko Padri anavyolitamka. Akainua mkono mmoja akakuombea, wewe na Dunstani, mpate kizazi chema na nyumba isiyo na kelele. Wote tukasema amina, mie kwa sauti kubwa kuliko wote, hilo Hilda asipinge, alikuwa mbali.

Kisha, wakati wa udhu wa magharibi, Taghreed akaleta beseni akamwambia babu yake, peke yake, bila ya mie kumtonya, "Babu, lete mguu wako." Mzee akamtazama muda. Akauleta. Nilikaa pembeni na suti yangu, mikono mapajani, sina kazi. Nilijiona mtu tajiri, tena si kwa maneno.

Nilitaka kukueleza na habari ya mbuzi wa hapa aliyepanda juu ya paa la Land Cruiser tukafika naye Jalan Bani Bu Hassan hatujui, lakini nakata hapa. Muadhini wa magharibi ameanza, Taghreed yuko shule ya Kurani, na mzee keshakunja mkono wa kanzu ananitazama.